Wazima Wote

Flaviana alipiga simu Jumapili baada ya misa, kama kawaida yake. Aliuliza habari za presha, akauliza habari za goti, halafu akanyamaza. Mzee Ansbert Haule akajua linakuja. Mwanawe akinyamaza hivyo kwenye simu, maneno huwa ameshayapanga mstari.

"Baba, Jumamosi nakuja na gari la mizigo."

"Mizigo ya nani?"

"Yako. Chumba nimeshakuandalia. Dodoma huku angalau utaamka usikie sauti ya mtu."

"Mie watu ninao hapa."

"Haya, nitajie mmoja."

"Mwinjuma."

"Mwinjuma unamlipa, baba. Mie nataka jina la mtu anayekuja hapo kwa ajili yako, siyo kwa ajili ya msiba. Mmoja tu. Ukinitajia huyo mmoja, gari litarudi tupu na sitakusumbua tena. Nakuapia kwa jina la mama."

Mzee Ansbert akafungua mdomo. Akatazama lango la kiwanja chake cha mbao, akatazama benchi refu la mkongo lililokuwa ukutani, akatazama maranda yaliyokusanywa chini ya mashine. Mdomo ukajifunga wenyewe.

"Jumamosi nitakutajia," alisema, na simu ilipokatika akabaki ameishika sikioni kama mtu anayesubiri kusikilizwa.

Benchi lile lilikuwa na habari yake. Alilitengeneza mwenyewe mwaka alioingia bungeni, maana watu walikuwa wakimjia kabla hata jogoo hajamaliza kuwika. Wa ada za shule, wa mashamba, wa ndoa zilizogoma, wa kijana aliyekamatwa. Walikaa pale kumi na wawili kwa mpigo, na mkewe Genoveva alikuwa akipita na birika la chai akiwaambia, "Mheshimiwa anavaa, subirini, si mnajua vifungo vinamshinda." Walikuwa wakicheka mpaka wasahau shida zao. Mtu aliyeanza maisha kwenye misitu ya Songea, akipasua magogo kwa msumeno wa watu wawili, yeye yule wa chini kwenye shimo anayekula vumbi, leo anasubiriwa na watu kumi na wawili! Alikuwa akilitazama benchi kupitia dirishani kabla ya kutoka, ili mradi aone tu limejaa.

Kwenye kampeni ya pili, mwanamume mmoja alisimama mkutanoni akasema mwanawe amezikwa kwa mbao za mlango mbovu. Mzee Ansbert akakamata kipaza sauti, akasema, kuanzia leo hakuna mtu wa jimbo hili atakayefunikwa kwa mbao ya kuokoteza, Mkristo aje achukue za jeneza, Mwislamu aje achukue viunza vya kumfunikia marehemu ndani ya kaburi, na haulizwi senti. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Akashinda. Miaka mitano baadaye akashindwa, na walioshangilia wakahamia kwa mwingine kama ilivyo ada ya siasa. Kura zilikwisha, ahadi ikabaki mikononi mwake. Hakuwahi kuivunja.

Taratibu jambo lile likajijengea desturi. Mfiwa huja na uzi aliompimia marehemu. Haulizwi nani wala kafa kwa nini, anaulizwa tu nyumba iko wapi. Mzee Ansbert huupokea ule uzi kwa viganja viwili, uso ameuinamisha, maana si adabu kumtazama mtu siku kama hiyo. Mbao zikishakatwa, uzi haurudishwi. Unachomwa pamoja na maranda, usije ukapimia mwingine.

Wema ule ndio uliomkaushia baraza. Nani anunue mbao za kitanda cha bibi harusi mahali ambapo jana imetoka ya kaburi? Wenye vitanda wakaenda Keko, wenye milango wakaenda Buguruni. Akina mama wakipita langoni kwake walikuwa wakiwafunika watoto wachanga kwa ncha ya khanga. Genoveva alipofariki, miaka sita iliyopita, walijaa siku tatu, wakala, wakaondoka. Tangu hapo lango la Mzee Ansbert lilifunguliwa na watu wenye nyuzi, na hao hawakai. Benchi lilikuwa linang'aa upya kama siku lilipopigwa vanishi, maana hakuna aliyelichakaza.

Jumatatu akaketi, akahesabu majina. Fransis wa kwaya? Alihamia Mbagala. Deogratias waliyekuwa wakisoma naye gazeti? Macho yameharibika, hatoki. Hata yule wa kahawa siku hizi anapitia njia ya pili.

Jumanne, mapema tu, akasikia ndara langoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Aliona pindo la buibui, na mkono mdogo wenye hina iliyofifia, na katika mkono ule uzi wa sufi mwekundu uliozungushwa vidoleni. Hakuhitaji kuona zaidi. Aliinamisha uso.

"Nimeleta kipimo cha mtoto," mwanamke alisema.

Mzee Ansbert akatandaza viganja, uzi ukashuka juu yake, mwepesi mno. Nyuzi za watoto zilikuwa nyepesi siku zote, na kila mara aliona kama ni kosa, kwamba kitu kizito hivyo kinakuja na uzito wa unyoya.

"Nyumba ya wapi?"

"Kwa Bi Wahiba, nyuma ya msikiti mdogo. Mlango wa bluu."

"Mtazipata kabla ya adhuhuri."

"Leo leo?"

"Hii haicheleweshwi, mwanangu."

"Jamani! Na hela, mzee, mie nimekuja na ya kutanguliza tu..."

Aliinua kiganja kumnyamazisha. "Hapa hii hatuuzi."

Sauti ya mwanamke ikatoka imelowa. "Mungu akubariki, mzee. Yaani hujui ulivyonisaidia. Hili jambo lilikuwa linaninyima usingizi."

"Mungu awape nguvu."

"Amina."

Akaondoka mbio mbio, ndara zinapiga kokoto. Mzee Ansbert akaufikiria mwendo ule. Kila mtu na anavyobeba lake, wengine hukimbia nalo.

Akapima mwenyewe. Futi tatu na inchi nane. Akaongeza shubiri kama desturi inavyotaka, akakata mbao tatu, akazilainisha kingo ingawa hakuna atakayezigusa tena, kisha akauweka uzi mwekundu kwenye maranda na kuwasha kiberiti. Sufi haiwaki kama katani. Ilijikunja kwanza.

Mwinjuma, aliyekuwa anaendesha mashine ya kiwanja kile tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alizipeleka begani. Alirudi akiwa anajikuna shingo.

"Mheshimiwa, kule hamna turubai."

"Bado mapema."

"Hamna na watu. Bibi mmoja tu anakaanga mihogo. Nimeziegemeza ukutani, nimesema poleni, yule dada kasema asante, akarudi ndani."

Mzee Ansbert akaketi kwenye benchi. Mama anamzika mwanawe na hana hata mtu wa kumshikia mkono. Hata kwa Genoveva walijaa siku tatu. Akaona aibu kwamba siku mbili nzima amekuwa akijihurumia kwa kukosa jina, wakati nyuma ya msikiti yuko mtu amekosa hata wa kulia naye.

Kwa kawaida hakuhudhuria. Alipeleka mbao, yeye alibaki, maana watu wakimwona walikuwa wanashtuka. Lakini siku ile alivaa suti yake ya kaunda ya kijivu, ile iliyobaki na kitobo kidogo pale ilipokuwa inachomekwa beji ya ubunge, akanunua sukari kilo mbili na doti ya khanga, akatoka kwa miguu.

Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Nje, juu ya zile mbao tatu zilizolazwa chini sasa, alikaa mtoto wa kike wa kama miaka sita, midomo myekundu kwa ubuyu, anazungusha kokwa shavuni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole sana." Aliinama kwa shida, goti likalia. "Unaitwa nani?"

"Maisa."

"Maisa. Aliyetutoka ni dada yako au ni kaka?"

Mtoto akatoa kokwa mdomoni, akalitazama, akamtazama yeye. "Mie sina dada. Sina kaka pia. Niko peke yangu." Alisema vile kama anavyosema mtu kwamba leo ni Jumanne. Halafu akapiga mbao kwa kiganja. "Hizi zangu. Za kitanda changu. Sitalala tena na mama, maana nampiga mateke."

Macho ya Mzee Ansbert yalikuwa yamefunzwa kupima kwa miaka hamsini, nayo yakapima yenyewe bila kuombwa, kutoka utosini mpaka kwenye nyayo zenye vumbi. Futi tatu na inchi nane.

Mfuko wa sukari ukamponyoka.

Hapo ndipo Bi Wahiba alipotoka jikoni na upawa mkononi, akamwona, na sauti yake ikafika mpaka barabarani. "Astaghafirullahi! Mzee wa viunza! Nani kafa humu?"

"Hakuna, bibi, nilidhani..."

"Ulidhani! Mbona umevaa suti?" Kisha akaziona zile mbao, fupi, laini, tatu, na upawa ukamshuka. "Khulud! We Khulud! Hebu toka. Ulikwenda wapi kuagiza kitanda?"

Khulud akatoka na sindano ya kufumia vidoleni na kitambaa cha kochi cha sufi nyekundu kikining'inia. Kwa mara ya kwanza Mzee Ansbert akauona uso wake. Uso mchanga, wa mtu aliyezoea kucheka, na kicheko kilikuwa bado hakijaondoka vizuri.

"Si hapo kwenye mbao, njia ya reli. Mzee mwenyewe huyu. Karibu mzee, mbona hukusema..."

"Ulipeleka nini?"

"Uzi, jamani. Nimempima Maisa akiwa amelala, nikapeleka uzi. Kwetu Pangani ndivyo tunavyofanyaga."

Bi Wahiba akamweleza. Alimweleza kwa maneno machache kuliko alivyozoea, na kwa kila neno kile kicheko kikapungua, mpaka uso wa Khulud ukabaki mtupu. Alimvuta mtoto kutoka kwenye mbao. Akampapasa kichwa, mabega, kifua, magoti, kama anayetafuta mahali palipovunjika.

"Mama unanitekenya," Maisa akasema.

"Uzi wangu uko wapi?" Khulud aliuliza bila kugeuka.

Angeweza kudanganya. Watu aliokuwa nao bungeni wangepata jibu hapo hapo. "Nimeuchoma," alisema.

Bi Wahiba akashika mdomo. Ndege ikapita chini chini kwenda kutua, kivuli chake kikafagia mabati, na ilipokwisha kupita Khulud alikuwa analia.

"Umempimia mwanangu kaburi. Ukamchoma. Beba mbao zako, mzee. Beba uondoke."

Akazibeba begani mwenyewe, na miaka yake sabini na moja, na suti. Njiani watu walimpisha kama wanavyompisha siku zote. Vijana waliokuwa kwenye bao wakamwona na mzigo unarudi, mmoja akapaza sauti, "Mheshimiwa! Leo mteja kagoma?" Wakacheka. Yeye mwenyewe karibu acheke, maana angekuwa ni mtu mwingine, kingekuwa kichekesho kizuri cha kumsimulia Genoveva.

Siku ile alikaa kwenye benchi mpaka adhana ya magharibi, kwenye kona, kama vile anawaachia nafasi wengine.

Jumatano asubuhi Khulud alikuwa langoni. Hakuingia. Alisimama ng'ambo ya mfereji uliopita mbele ya lango, macho mekundu.

"Sijalala," alisema bila salamu. "Nimekesha naweka mkono puani kwake. Nataka majivu ya ule uzi. Bi Wahiba kasema niyamwage kwenye maji yanayotembea."

"Nimeyafagia jana, mwanangu. Yamechanganyika. Sikudanganyi."

Alijua amemuumiza tena. Akasogea mpaka langoni, upande wake wa mfereji, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa akampa maneno.

"Kosa ni langu. Miaka kumi na tatu mtu akiniletea uzi sijainua uso. Najiita nina adabu. Ningeuinua ningekuona unacheka, na mfiwa hacheki hivyo. Ningeutazama hata uzi wenyewe, nani anampima marehemu kwa sufi nyekundu? Sikutazama. Nimezoea."

Khulud akawa anasokota ncha ya mtandio.

"Lakini na wewe nikwambie kitu cha ufundi. Kitanda hakipimwi kwa uzi wa mtoto."

"Kinapimwa kwa nini sasa?"

"Kaburi ndilo linapimwa kwa mtu alivyo, kwa sababu hakui tena. Ukimpimia kitanda alivyo leo, mwakani miguu iko nje. Mie nikitengeneza cha Maisa natengeneza futi sita."

"Futi sita!" Sauti ilimtoka kabla hajaizuia. "Kile kidude? Si atapotea humo ndani?"

"Atafika."

Khulud akamtazama.

"Atafika, mama Maisa," akarudia. "Ndiyo maana tunaacha nafasi."

Alilia tena, lakini safari hii bila kelele, na Mzee Ansbert alimwacha alie, uso ameuinua, anamtazama. Ilikuwa vigumu kuliko kuinama. Mwisho akajifuta kwa mtandio. "Mie sijui, mzee," alisema. "Kwa kweli sijui." Akaenda zake.

Nyuma kabisa ya kiwanja, juu ya vijiti ili hewa ipite, palikuwa na mbao saba za mninga ambazo hazijawahi kupangiwa uzi wa mtu. Alizileta za kitanda cha Genoveva. Miaka thelathini mkewe alikuwa akimdai kitanda: "Mke wa mwenye mbao analala kwenye kitanda cha dukani, nikiwaambia wenzangu wananicheka." Nitatengeneza, nitatengeneza. Bunge likaingilia, halafu maradhi. Mbao zikakauka zikisubiri mpaka ukizigonga zinalia kama ngoma.

Alizishusha siku ile ile. Mwinjuma alisimama, mikono kiunoni.

"Mheshimiwa, yule dada hajasema ndiyo."

"Hajasema hapana."

"Na bungeni ndivyo mlivyokuwa mnapitisha? Waliosema ndiyo hakuna, waliosema hapana hakuna, hoja imepita?"

"Shika upande wa pili, bwana."

Mashine hakuitaka. Alitoa randa ya mkono, na kwa siku mbili kiwanja kizima kilinukia mninga, harufu ambayo Mwinjuma alisema inamkumbusha zamani walipokuwa wanatengeneza vitu vya watu wenye kesho. Mzee Ansbert hakuongea sana. Alikuwa anajua, kila chaga anayoipachika, kwamba hatengenezi tena njia ya kupata jina. Kama angetaka jina angetengeneza polepole, apate visingizio vya kumwita mama aje aone, mtoto aje ajaribu. Kuna saa Alhamisi aliishika misumari ya mwisho akaiweka chini, akakizunguka kitanda. Kisha akaipigilia.

Ijumaa baada ya swala Mwinjuma alikipeleka kwa mkokoteni, kikiwa vipande. Mzee Ansbert alimsubiri langoni.

"Kapokea?"

"Kafungua mlango, kanionyesha kona. Nimefunga, nimetoka."

"Kasemaje?"

"Kasema haya."

"Haya tu?"

"Haya tu. Na mtoto hakuwepo, yuko chuoni, kwenye Kurani."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa salamu za kutosha.

Jumamosi gari lilifika saa tatu. Flaviana alishuka, mnene kidogo kuliko mwaka jana, na macho ya mama yake, na alipomkumbatia baba yake hakuuliza kitu mpaka alipokuwa amekaa kwenye benchi na chai mkononi.

"Jina, baba."

Angeweza kusema Maisa. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi. Lakini Maisa hakuwahi kupita lango lile hata mara moja.

"Sijapata," alisema.

Alidhani mwanawe atafurahi kwa kushinda. Flaviana aliweka kikombe chini, akamshika mkono wenye makovu ya msumeno.

Walipakia. Havikuwa vingi: godoro, redio, sanduku la nguo, picha ya Genoveva iliyofungwa kwenye taulo, randa ya mkono aliyokataa kumwachia mtu. Mwinjuma alikuwa anabeba huku anapiga chafya za uongo ili ajifute macho. Mbao zitauzwa polepole, walikubaliana, na ahadi ya viunza Mwinjuma ataendelea nayo mpaka zitakapokwisha. Mzee Ansbert alikuwa amelitia kufuli lango dogo la nyuma na anatafuta ufunguo wa lile kubwa, ndipo aliposikia ndara kwenye kokoto.

Flaviana ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa mtoto wa nyumba ile, desturi aliijua. Akasimama kutoka kwenye benchi, akainamisha kichwa. Mwinjuma akavua kofia. Mzee Ansbert akageuka, na kitu cha kwanza alichokiona, kabla ya buibui, kabla ya kitu chochote, ni uzi. Mweupe. Umeshikwa na mkono mdogo wenye hina iliyofifia.

Viganja vyake vikajitandaza vyenyewe, na uso ukaanza kuinama.

"Wazima wote!" sauti ikapiga kelele kutoka ng'ambo ya mfereji. "Mzee, usiiname! Inua uso, wazima wote huku! Wazima wote!"

Akainua uso. Khulud alikuwa anavuka mfereji, uzi ameunyanyua juu ya kichwa kama anayepunga bendera, anacheka na anahema, na mbele yake, akiruka kwa mguu mmoja, Maisa.

"Wa Bi Wahiba huu," Khulud alisema, akiingia lango kama ameingia siku zote. "Wa ukuta wake wa baraza, siyo wa mtu. Kakiona kitanda, kanuna jana mpaka usiku. Leo kaamka anataka benchi. Anaogopa kuja mwenyewe, kanituma mie, na nimemwambia mie nitatangaza tangu barabarani, asije mzee wa watu akafa kwa presha." Hapo akaona gari, na godoro juu yake, na mwanamke aliyejaa machozi. Kicheko kikasita. "Mnahama?"

Kabla hajajibiwa, Maisa alikuwa amefika mbele ya Mzee Ansbert na kumvuta suruali.

"Babu, shikamoo. Miguu yangu haifiki."

"Haifiki wapi?"

"Mwisho! Nimelala nikajinyoosha hivi," akajinyoosha, mikono juu, vidole vya miguu vinatetemeka, "na bado haifiki."

"Itafika," alisema Mzee Ansbert. Akarudia, "Itafika, usijali."

Flaviana akajifuta uso. "Huyu nani, baba?"

"Maisa."

"Lakini mama yake amekuja kwa shughuli ya benchi."

"Mama yake ndiye wa benchi. Huyu muulize mwenyewe."

Flaviana akachuchumaa, mkono kwenye bega la mtoto. Alikuwa na sura ile ya ofisini, ya mtu anayetaka karatasi iwe sahihi kabla hajatia sahihi. "Wewe umekuja kufanya nini hapa, mama?"

Maisa akamwona kama mtu asiyesikia vizuri. "Si nimekuja kumwambia babu."

"Kumwambia nini?"

"Kwamba haifiki."

Flaviana alibaki amechuchumaa. Akalitazama gari, akamtazama baba yake aliyesimama na viganja bado viko wazi, akatazama benchi. Kisha akainuka.

"Kaka Mwinjuma," alisema, "shusha redio."

Adhuhuri ilipofika walikuwa wameondoka wote. Flaviana kurudi Dodoma na gari tupu na ahadi ya kuendelea kupiga simu kila Jumapili, Khulud kwenda kupika, Mwinjuma kwenda Tandale kwake. Kiwanja kikarudi kimya kama kilivyokuwa, na Mzee Ansbert akarudi kwenye kona yake ya benchi. Kesho haitakuwa na mtu, alijua, na pengine keshokutwa. Mtoto ana chuo, ana michezo yake.

Alipima uzi wa Bi Wahiba. Futi saba kasoro. Akauandika kwa chaki ukutani, na kwa mazoea akaanza kuusogeza kwenye rundo la maranda. Mkono ukasimama njiani. Akatafuta msumari, akaupigilia ukutani juu ya benchi, pale mtu yeyote anayeingia langoni atakapopaona, akautundika uzi.

Ulikuwa uzi wa kwanza kubaki. Upepo wa ndege iliyokuwa inashuka ukauyumbisha, na yeye akakaa chini yake, akaacha nafasi.